Upele si wa korosho, homa si ya malaria: kisa cha intaferoni isiyozimika

Mgonjwa tunayemchambua hapa, ambaye intaferoni yake (protini za mwili za kupigana na virusi) ilikataa kuzima, ametungwa kwa ajili ya kufundishia, ila dalili zake, vipimo vyake na makosa yaliyofanyika ni ya aina inayoonekana kliniki. Ni mwanamke wa miaka 26, mkulima wa korosho kutoka Tandahimba mkoani Mtwara, uzito kilo 52, mama wa watoto wawili. Mimba moja ilimtoka ikiwa na wiki 9.

Alianza kuumwa Julai, msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho ili kuzuia ubwiriunga, ukungu unaoshambulia mikorosho. Vidole viliuma na kukakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya saa moja, akadhani ni uchovu wa kubeba bomba. Agosti mashavu yakatoka mabaka. Nyumbani wakasema vumbi la salfa limemuunguza. Oktoba, korosho zilipoanza kuanguka, mabaka yakazidi, na lawama zikahamia kwenye mafuta ya maganda, maana alikuwa akibangua korosho nyumbani. Homa nayo ikawa inakuja na kuondoka. Zahanati ilimpima malaria kwa kipimo cha haraka, kikasoma chanya, akapewa dawa mseto (ALu). Wiki mbili baadaye homa ikarudi, kipimo kikasoma chanya tena, akapewa ALu ya pili. Mara ya tatu kikasoma hasi, akapewa septrini kwa kuwa mkojo ulikuwa na damu na protini. Siku 4 baadaye alilazwa, mabaka yamewaka usoni na miguu imevimba.

Kila jibu alilopewa lilikuwa na mantiki yake, na ndiyo maana inafaa kulipitia moja moja.

Mafuta ya maganda ya korosho yana asidi ya anakadiki na kadoli, na huunguza pale yanapogusa: ncha za vidole, katikati ya vidole, kope za mtu aliyejifuta jicho kwa mkono mchafu. Hutoa malengelenge, kisha ngozi inabanduka. Huyu mama viganja vyake vilikuwa safi. Mabaka yake yalikuwa kwenye mashavu na juu ya pua kama mbawa za kipepeo, yakaruka ile mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Mengine yalikuwa kifuani pale shingo ya blauzi inapoishia, na mgongoni mwa vidole, katikati ya fundo na fundo, si juu ya fundo zenyewe. Hiyo ni ramani ya jua. Vumbi na mafuta haviruki mikunjo ya uso, ila kivuli hufanya hivyo. Tuongeze kwamba picha za vitabuni huonyesha mabaka mekundu. Kwenye ngozi nyeusi huwa ya zambarau iliyokolea au meusi ya kahawia, na anayesubiri wekundu atasubiri sana.

Salfa ya unga huwasha macho na koo, na mtu akipumzika shambani hupata nafuu. Hapa neno lenyewe lina mtego. Kusini tunaita "salfa" ile ya mikorosho, na tunaita "salfa" pia dawa kama septrini na SP, ile ya malaria wanayopewa wajawazito. Ni vitu viwili tofauti. Kiberiti cha mikorosho hakina undugu wa kimzio na dawa za kundi la salfa. Lakini septrini yenyewe inajulikana kuamsha ugonjwa tunaoutafuta hapa, na bila shaka ilichangia zile siku 4 za mwisho. Kwa hiyo mgonjwa akisema "salfa inanidhuru", muulize: ya bomba au ya kidonge?

Malaria ya kwanza huenda ilikuwa ya kweli. Ya pili haina ushahidi. Kipimo cha haraka kinachotafuta protini ya HRP2 kinaweza kuendelea kusoma chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa sababu protini hiyo hubaki kwenye damu. Homa ikirudi ndani ya mwezi mmoja baada ya ALu, kipimo cha kuamini ni damu chini ya darubini. Haikufanyika.

Alipolazwa alikuwa na joto la 38.6°C na presha 138/88. Kwenye kaakaa kulikuwa na kidonda ambacho hakikumuuma, wala hakujua kama kipo. Nywele za mbele zilikuwa zimepungua. Viwiko vya mikono na vidole vilikuwa vimevimba pande zote mbili. Maabara ilitoa haya: hemoglobini 9.4, chembe nyeupe 2,900, kati yake limfosaiti 600 tu, chembe sahani 138,000, ESR 104 na CRP 6 (vipimo viwili vya mwako mwilini). Malaria hasi kwa darubini mara tatu. VVU hasi. RPR ya kaswende chanya kwa 1:4, lakini kipimo cha haraka kinachotafuta kingamwili za treponema kikasoma hasi. Mkojo ulikuwa na protini 3+ na damu 2+, uwiano wa protini kwa kreatinini gramu 1.8 kwa gramu. Kreatinini ya damu, kipimo cha kazi ya figo, mikromoli 88.

Damu kwenye mkojo ukanda huu humpeleka kila mtu kwenye kichocho, na si kosa. Mayai yatafutwe kwenye mkojo uliokusanywa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati yanapotoka kwa wingi, siku tatu mfululizo. Hayakuonekana. Kilichoonekana ni mirija midogo iliyojaa chembe nyekundu, na hiyo haitoki kwenye kibofu. Inatoka kwenye figo.

Sasa irudie ile namba ya CRP. Homa ya 38.6, ESR 104, na CRP 6. Hiyo ndiyo namba iliyostahili kumsimamisha kila mtu. Bakteria wanaoweza kumpandisha mtu homa kwa miezi wangeipeleka CRP juu kwa makumi. Picha ya chembe nyeupe zilizoshuka, limfosaiti zilizopotea kwenye damu, homa na maumivu ya mwili huku CRP ikiwa chini ni picha ya mtu mwenye virusi. Tatizo ni kwamba hakuna virusi vinavyokaa hivyo Julai hadi Novemba bila kujulikana. Mwili wake ulikuwa unapigana na virusi ambavyo havipo.

Ugonjwa ni lupasi, yaani kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, na silaha iliyokuwa inafyatuliwa ni intaferoni ya aina ya kwanza.

Intaferoni iligunduliwa 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann jijini London. Walikuta kwamba seli zilizokutana na virusi hutoa kitu kinachozuia virusi vingine kuzaliana. Leo tunajua familia tatu: ya kwanza ina alfa na beta, ya pili ni gama, ya tatu ni lamda. Alfa hutengenezwa kwa wingi kupita kiasi na seli chache sana, seli za dendritiki za plazmasitoidi. Hazifiki hata asilimia 1 ya chembe nyeupe za damu, lakini moja yake inaweza kutoa intaferoni hadi mara 1,000 ya ile inayotolewa na seli nyingine. Seli zenye uwezo huo hazifai kukosea, na mwili umeziwekea breki juu ya breki.

Breki ya kwanza ni mahali. Vipokezi vinavyonusa vinasaba vya virusi, TLR7 kwa RNA na TLR9 kwa DNA, havikai juu ya seli. Vimefichwa ndani, kwenye vifuko vyenye asidi viitwavyo endosomu. Virusi vilivyomezwa hufika humo. DNA ya mtu mwenyewe, inayoelea baada ya seli kufa, haitakiwi kufika.

Breki ya pili ni usafi. Seli hufa mwilini kila siku kwa mabilioni, na uchafu wake lazima uondolewe kabla haujazua kesi. Nje ya seli, vimeng'enya DNase1 na DNase1L3 hukatakata DNA; ndani ya seli, TREX1 hufanya kazi hiyo hiyo. Protini ya C1q hubandika mabaki na kuyaelekeza kwa monosaiti, aina ya chembe nyeupe, ambazo huyala kimyakimya, badala ya kuyaacha yaende kwa zile plazmasitoidi. Watu waliozaliwa bila C1q wanapata lupasi karibu wote, zaidi ya asilimia 90. Ni miongoni mwa kasoro za jeni zenye uzito mkubwa kabisa kwenye lupasi, na inaonyesha kwamba suala la nani anazoa taka ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Breki ya tatu iko juu ya ngozi ya seli yenyewe. Plazmasitoidi ina vipokezi BDCA-2 na ILT7 ambavyo vikiguswa huipunguza kasi. Kinachogusa ILT7 ni protini BST2, na BST2 huota kwenye seli za jirani pale zinapopokea intaferoni. Yaani jirani akishapata taarifa, humjibu mpiga mbiu: tumesikia, nyamaza.

Breki ya nne iko kwa anayepokea. Intaferoni ikikaa kwenye kipokezi chake, IFNAR, huamsha vimeng'enya JAK1 na TYK2, navyo huamsha STAT1 na STAT2, protini zinazopeleka ujumbe kwenye kiini cha seli, kisha mamia ya jeni huwaka. Miongoni mwa jeni hizo zimo za kuzima: SOCS1 inayozuia JAK, na USP18 inayojipenyeza kwenye kipokezi na kumsukuma JAK1 pembeni. Kwa binadamu, USP18 hushikiliwa isiharibike na protini nyingine iitwayo ISG15. Watoto wanaozaliwa bila USP18 au ISG15 huumia kwa intaferoni yao wenyewe. Ni breki za kuchelewa kwa makusudi. Huja baada ya saa kadhaa, virusi vikishapata kipigo.

Mgonjwa wetu breki zote anazo. Zimezidiwa.

Jua la Julai na Agosti lilipoua seli za ngozi, mabaki yakawa mengi kuliko wazoaji. Kwenye damu yake kulikuwa na kingamwili zinazoshika DNA na protini zinazobeba RNA. Kingamwili ikishika mabaki, kifurushi hicho huwa na mkia ambao plazmasitoidi huutambua kwa kipokezi FcγRIIA, ikakimeza, na kukipeleka moja kwa moja kwenye endosomu. Breki ya kwanza imevukwa: DNA ya mwenye mwili imepewa lifti hadi mahali ambapo virusi pekee hutarajiwa. TLR7 na TLR9 zinapiga mbiu. Plazmasitoidi haihitaji hata kujiandaa, kwa sababu protini IRF7, ambayo seli nyingine huitengeneza baada ya kushtuliwa, yenyewe huwa nayo tayari.

Intaferoni inayotoka huzikomaza monosaiti, huzifanya zitoe BAFF, na BAFF huzilisha seli B zinazotengeneza kingamwili zaidi. Kingamwili zaidi, vifurushi zaidi. Vifurushi hivyo hutumia C1q na wenzake hadi vinapungua kwenye damu, kwa hiyo taka zinabaki. Hapo mduara umefunga. USP18 na SOCS1 bado zinafanya kazi, lakini breki iliyoundwa kwa vita ya siku 7 haiwezi kushika gari linaloshuka mlima miezi minne. Malaria ile ya kwanza nayo hupandisha intaferoni, kwa hiyo huenda ilisukuma. Kwamba ni mwanamke si bahati mbaya pia: wanawake ni takriban 9 kati ya 10 ya wagonjwa, na jeni ya TLR7 iko kwenye kromosomu X, ambako nakala ya pili haizimwi kabisa katika baadhi ya seli za kinga.

Ukilijua hilo, karatasi ya maabara inasomeka upya. Limfosaiti 600 ni kazi ya intaferoni. CRP 6 nayo ni kazi ya intaferoni, kwa kuwa alfa huzuia ini kutengeneza CRP hata pale mwako wa kinga unapoendelea. ESR haiguswi, inapanda kwa wingi wa kingamwili. Na RPR? Hiyo hutafuta kingamwili za kadiolipini, aina ya fosfolipidi (mafuta ya ukuta wa seli), si mdudu wa kaswende. Mgonjwa wa lupasi mwenye kingamwili za fosfolipidi huifanya isome chanya bila kaswende. Kuchomwa penisilini hakutamdhuru, ila kuandikiwa kaswende kunaweza kuvunja ndoa. Zaidi ya hapo, RPR chanya pamoja na mimba iliyotoka zinadai vipimo vya fosfolipidi, virudiwe baada ya wiki 12, na vidonge vya uzazi vyenye estrojeni viwekwe pembeni kwa hofu ya damu kuganda.

Sampuli zilipelekwa Dar es Salaam. ANA, kipimo cha kingamwili dhidi ya kiini cha seli, ilirudi 1:640, kingamwili za DNA juu, C3 na C4, protini za komplementi zilizo jamaa za C1q, zote chini. Kwa vigezo vya EULAR/ACR (vyama vya wataalamu wa baridi yabisi vya Ulaya na Marekani) vya 2019, ANA ya angalau 1:80 hufungua mlango, kisha zinahitajika alama 10. Alikuwa na homa 2, chembe nyeupe 3, mabaka 6, viungo 6, protini kwenye mkojo 4, komplementi 4, kingamwili za DNA 6, jumla 31. Kidonda cha kaakaa na nywele havikuongeza kitu, kwa kuwa kwenye kundi la ngozi huhesabiwa alama moja tu, ile kubwa. Ukitoa vipimo vya Dar, kitandani pale pale alikuwa na 21. Vigezo hivi vilitungwa kwa ajili ya utafiti, si ruhusa ya kuanza tiba, na kusubiri majibu wiki mbili huku figo inavuja ni kuipa karatasi heshima isiyo yake.

Kabla ya steroidi kuna jambo lisilorukwa ukanda wa joto: minyoo ya strongiloidi. Mtu akiwa nayo na akapewa steroidi nyingi, minyoo husambaa mwili mzima na kuua. Kugawiwa dawa za matende na mabusha kijijini hakutoshi kama kinga; alipewa ivermektini vidonge 4 vya miligramu 3, dozi ya uzito wake. Alichunguzwa TB na homa ya ini B, akapimwa mimba.

Kisha methilipredinisoloni miligramu 500 kwa mshipa siku 3, na baadaye predinisoloni miligramu 25 kwa siku, ikipunguzwa hadi 7.5 mwezi wa nne na 5 mwezi wa sita. Ile dozi ya mshipa ina sababu yake. Utafiti wa 2010 ulionyesha kwamba plazmasitoidi zilizoshtuliwa kupitia TLR7 na TLR9 hazifi kwa steroidi ya kawaida kama chembe nyingine zinavyokufa. Steroidi ya mshipa huzifyeka kwa muda, ya vidonge peke yake huziacha. Ndiyo maana mgonjwa wa lupasi anayeishi kwa predinisoloni tupu hurudi kila dozi inaposhuka, uso umevimba, mifupa imepungua, na intaferoni iko pale pale.

Kinachoigusa mbiu yenyewe ni haidroksiklorokwini. Hujikusanya kwenye endosomu, hupunguza asidi yake, na huzuia vinasaba kushikana na TLR7 na TLR9. Kikomo ni miligramu 5 kwa kilo kwa siku. Kwa kilo 52 ni 260, na kidonge kina 200. Hesabu inayokaa vizuri ni kidonge kimoja siku 5 za wiki na viwili siku 2, wastani wa 257. Ukimwandikia viwili kila siku utamzidishia kwa nusu nzima, na anayelipa ni retina. Macho hupimwa mwanzoni, kisha kila mwaka kuanzia mwaka wa tano. Aelezwe mapema kwamba nafuu huanza wiki ya 6 hadi mwezi wa tatu. Aelezwe pia kwamba hii ni ndugu wa klorokwini, ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria 2001, na ambayo wakubwa wanaikumbuka kwa muwasho. Asiambiwe na jirani kabla hajaambiwa na tabibu. Haimkingi na malaria ya sasa, kwa hiyo chandarua kibaki. Akiugua malaria iliyothibitishwa atapewa ALu, ila lumefantrini na haidroksiklorokwini zote hugusa umeme wa moyo. Kuisimamisha siku 3 hakusaidii kwa sababu hukaa mwilini kwa wiki nyingi. Kinachosaidia ni kutompa ALu bila darubini, na kumpima ECG ikiwezekana.

Figo ilichukuliwa kipande Dar: daraja la III la ugonjwa wa figo wa lupasi. Akaanzishwa mikofenolati, dawa ya kutuliza kinga, miligramu 500 mara mbili, ikapanda hadi gramu 1 mara mbili kwa siku, na enalaprili, dawa ya presha inayolinda figo, miligramu 5. Zote mbili hudhuru mimba, akawekewa kijiti cha uzazi wa mpango. Septrini iliandikwa kwa wino mwekundu kwenye kadi. Kazi za shambani zikahamia kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 10 jioni, kwa mikono mirefu na mtandio unaofunika shingo. Hilo huonekana dogo, lakini ndilo linalopunguza mabaki kabla hayajawa vifurushi.

Dawa inayofunga IFNAR yenyewe ipo, anifrolumabu, iliyoidhinishwa Marekani 2021, miligramu 300 kwa mshipa kila wiki 4. Wanaoitumia hupata mkanda wa jeshi zaidi ya wenzao. Mwaka 2020 iliripotiwa kwamba takriban asilimia 10 ya wagonjwa waliozidiwa na UVIKO-19 walikuwa na kingamwili zilizozuia intaferoni zao wenyewe. Intaferoni ikizidi ni lupasi. Ikikosekana, virusi vya kawaida vinaua.

Wiki ya 6 nyumbani, homa ikapanda hadi 39.1. Wa kwanza kumwona alitaka kurudisha predinisoloni 40: ana lupasi, ana homa, basi imeamka. Kipimo kikafanyika kwanza. Chembe nyeupe 11,200. C3 ilikuwa imepanda kuliko mwanzo. Protini ya mkojo ilikuwa imeshuka. CRP 118. Mgonjwa yule yule ambaye ini lake lilikuwa limezibwa mdomo na intaferoni sasa lilikuwa linapiga kelele. CRP ikizidi 50 kwa mgonjwa wa lupasi, tafuta maambukizi kwanza. Kelele za pafu la kulia chini zilisikika, eksirei ikaonyesha nimonia. Alipewa seftriaksoni gramu 1 kwa siku, mikofenolati ikasimamishwa hadi homa ishuke, predinisoloni ikaachwa pale pale ilipo bila kukatwa ghafla, kwa kuwa tezi za adrenali za mtu aliyekaa nayo wiki 6 zimelala. Siku ya tatu alikuwa 37.2.

Mwezi wa sita uwiano wa protini ulikuwa gramu 0.4, chembe nyeupe 4,300, mabaka yameacha weusi bapa usiouma. Ameuliza kama ataweza kuzaa tena. Jibu: baada ya figo kutulia kwa angalau miezi 6, mikofenolati ibadilishwe kwa azathioprini wiki 6 au zaidi kabla ya kutoa kijiti, haidroksiklorokwini iendelee mimba nzima, aspirini ya dozi ndogo ianze mapema, na akifika kliniki ya wajawazito aonyeshe kadi yenye wino mwekundu kabla hajapewa SP.